Alikuja mlangoni akarudi

(Haya ni maongezi niliyotoa kwa vijana waliopewa wenzao kuwasimamia, wengine kazini, wengine kwenye vikundi. Nimeyaandika kama nilivyosema, nimepunguza kukohoa tu na utani uliogoma kuchekesha.)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu, wadogo zangu mambo vipi. Tukae kawaida tu. Sina slaidi, projekta ipo ila mi na projekta hatuelewani, kwa hiyo mtaniangalia usoni hivi hivi. Na kabla sijaanza naomba kitu kimoja, ukiona nimesema sivyo, au hukubaliani na mimi, nyoosha mkono hapo hapo, nitasimama nikusikilize. Sitaki mambo ya maswali mwishoni, mwishoni watu wanakuwa wameshashika mabegi.

Nimeitwa niongelee uongozi. Ukilitaja hilo neno watu wanapata picha ya jukwaa, suti, sauti nzito na kidole kinatikiswa. Mi nitaongelea uongozi mdogo, ule wa mtu ambaye wiki iliyopita kaambiwa hawa watano wako chini yako kuanzia leo, hajui aanzie wapi, na usiku anaangalia video za watu wanampigia kelele ati amka saa kumi alfajiri uoge maji ya baridi. Maji ya baridi na kusimamia watu vinahusiana wapi sijui, ila haya.

Nianze na aibu yangu. Kuna kipindi nilipewa timu ya watu saba, kazi yetu kukusanya takwimu na kumwandalia mteja ripoti kila miezi mitatu. Nilijiona kiongozi wa maana sana. Nilikuwa nawahi kufika, naondoka wa mwisho, na kwenye imeili niliandika kabisa kwamba mlango wangu uko wazi muda wote. Na kweli ulikuwa wazi, kitasa kilikuwa kibovu. Sasa ripoti moja ikaenda kwa mteja ina jedwali ambalo namba za safu nzima zimeshuka mstari mmoja, yaani za mwezi wa tatu zimekaa mwezi wa nne, za mwezi wa nne zimekaa wa tano, hivo hivo mpaka chini. Aliyegundua ni mteja mwenyewe, akiwa mbele ya wakubwa zake anawaonyesha. Simu niliyopigiwa siku ile sitaisimulia hapa, kuna watoto.

Nikaita timu. Nani aliandaa, nani alikagua, nani alituma, si unajua tena, kutafuta mchawi. Kimya. Kila mtu anaangalia meza. Wiki mbili baadaye, kwa bahati tu, tukiwa tunapiga stori za mambo mengine kabisa, ndo nikajua kwamba dada mmoja, mdogo kuliko wote pale, aliiona ile safu siku tatu kabla ripoti haijatoka. Siku tatu! Nikamwita, safari hii taratibu, nikamuuliza mdogo wangu, mbona hukuniambia? Akasema, nilikuja bosi. Ulikuja lini? Nilikuja mlangoni, ulikuwa unaandika, ukasema "ni haraka?" bila kuinua kichwa, nikaona ah, labda mimi ndo sijalielewa jedwali, nikarudi.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mi hiyo siku siikumbuki. Kabisa. Nimejaribu kuitafuta kichwani haipo. Yeye anaikumbuka mpaka shati nililovaa. Kumbe unaweza kufanya uamuzi mkubwa kuliko yote ya mwaka mzima, kwa maneno mawili, huku unaandika imeili, na usijue kama umefanya.

Kuanzia hapo nikaacha kupima uongozi wangu kwa mambo ya kuwahi na kuchelewa kuondoka. Napima kitu kimoja, habari mbaya inachukua muda gani kunifikia. Dakika tano? Siku tatu? Au naisikia kwa mteja? Tunaimba kila siku usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, ila tujiulize ufa nani huuona kwanza. Mwenye nyumba yuko zake sebuleni na wageni. Ufa unaonwa na anayelala kitanda kimeegemea ule ukuta. Ukiwa mtu wa kuogopwa, yule atasogeza kitanda tu, hatakwambia.

Mnaweza kusema hiyo ni ripoti tu, jedwali tu, nani kafa. Haya, twende kwenye ndege. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Canary, kuna ukungu mzito, na ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziko kwenye barabara moja ya kurukia. Moja imeshafika mwisho wa barabara inajiandaa kuruka, nyingine bado inatembea kwenye barabara ile ile inatafuta pa kutokea. Kapteni wa ile ya kuruka alikuwa mtu mzito, mkongwe, mwalimu wa marubani wenzake. Akaanza kukimbiza ndege bila ruhusa kamili ya kuruka. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake akasikia kitu kwenye redio kikamtia wasiwasi, akauliza, yule mwenzetu hajatoka bado? Kapteni akajibu kwa uhakika kabisa kwamba katoka. Fundi akanyamaza. Sekunde chache baadaye wakagongana. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua watu wengi kuliko ile.

Sababu zilikuwa nyingi, ukungu, redio kuingiliana, uwanja umejaa ndege zilizoelekezwa pale ghafla baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja mwingine, sitaki kumbebesha mtu mmoja mzigo wote. Ila mi nakwama kwa yule fundi. Aliona. Aliuliza. Kauliza kwa adabu, kama swali, kwa sababu anayeongea naye ni mkubwa. Alafu akajibiwa mara moja, akaacha. Yule dada yangu wa jedwali ndo huyo huyo, tofauti ni ukungu tu.

Watu wa ndege walijifunza, hilo nawapa sifa. Miaka iliyofuata wakaanza kufundisha marubani namna ya kusikilizana mle ndani, yaani mdogo afundishwe kusema kwa sauti na mkubwa afundishwe kusikia. Kuna makapteni wa zamani walidharau, waliona ni mambo ya kubembelezana. Sasa rukeni mpaka tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 inatoka Denver kwenda Chicago, ina watu 296. Injini ya mkiani inapasuka huko juu, vipande vinakata mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani sio mafuta ya injini, ni yale yanayosukuma vibao vya mabawa na vya mkia vinavyoongoza ndege. Yote mitatu! Maana yake ndege haigeuzwi, haiinuliwi, haishushwi, imebaki na injini mbili tu za kuongeza na kupunguza moto. Kapteni Al Haynes, mzee wa miaka mingi kazini, hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Abiria mmoja, Dennis Fitch, alikuwa mwalimu wa ndege aina ile ile, akatuma salamu kwamba kama anahitajika yupo. Akaitwa mbele, akakabidhiwa zile nyenzo za injini, anazivuta na kuzisukuma huku wale wengine wanamwambia kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka wakaifikisha uwanja wa Sioux City. Ilianguka vibaya, watu 112 walikufa. Lakini 184 walipona, kwenye ndege ambayo kwa hesabu za kawaida isingefika popote, na baadaye marubani waliojaribu hali ile kwenye mashine za mazoezi walishindwa kuitua salama.

Haynes aliishi miaka mingi baada ya pale akizunguka kusimulia, na kila mara alirudi kwenye jambo lile lile, kwamba zamani neno la kapteni lilikuwa la mwisho na kwa sababu hiyo ndege kadhaa zilipotea, na kwamba siku ile kama angeng'ang'ania kujua peke yake wasingefika. Mnaona ilivyo rahisi? Hakuna kipaji cha ajabu pale. Mtu kasema sijui, mwenye wazo alete. Rahisi kuitamka mkiwa mmekaa kwenye viti hapa, ngumu ukiwa umevaa mabega yenye mistari.

Sasa tuje kwenye neno ambalo mi naliona gumu kuliko "sijui", nalo ni "nimekosea".

Kiswahili chetu kitamu, ila kina kichaka kizuri sana cha kujifichia. Sikiliza ofisini kwako kesho. Kikombe kimevunjika. Faili limefutika. Pesa zimepotea. Kazi imechelewa. Barua haikutumwa. Humo ndani mtu yuko wapi? Hayupo! Vitu vinajiendea vyenyewe tu, faili limeamka asubuhi limechoka maisha likajifuta. Toka utotoni tunakijua kichaka hiki, mtoto hasemi nimevunja sahani, anasema sahani imevunjika, na ukimwangalia usoni unaona kabisa anajua anachofanya. Alafu tunakua, tunapewa timu, tunaingia nacho ofisini.

Generali Eisenhower, aliyesimamia majeshi ya Marekani, Uingereza na washirika wao kutua pwani ya Normandy, Ufaransa, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, siku moja kabla ya kutua, yaani tarehe 5 Juni 1944, alikaa akaandika kikaratasi kidogo kwa penseli. Kilikuwa cha kutangazwa iwapo wakishindwa. Kwanza aliandika kwamba wanajeshi wameondolewa. Alafu akakata. Akaandika upya, nimewaondoa wanajeshi. Na mwisho akaweka kwamba kama kuna lawama yoyote ni yake peke yake. Kikaratasi akakitia kwenye pochi, na kwa vile walifanikiwa hakikuhitajika. Tarehe yenyewe alikosea, aliandika Julai badala ya Juni, mtu ana presha. Mi napenda ile ya kukata. Maana inaonyesha hata yeye kichaka kilimvuta, kalamu ilianza kwenda kule kule kwenye "wameondolewa", ndo akajishika.

Zoezi ndo hilo, halina gharama, jishike. Meseji yoyote unayotaka kutuma kwenye grupu la kazi kuhusu jambo lililoharibika, isome, tafuta mtu yuko wapi kwenye hiyo sentensi. "Taarifa ilichelewa kutoka" weka "nilichelewa kutoa taarifa". Na ukishaandika hivo weka nukta. Usiweke lakini. Ukisema nimekosea lakini, watu wote wanasikia kuanzia kwenye lakini. Na ile nyingine mbaya zaidi, "samahani kama kuna mtu nimemkwaza", hiyo kama hapo inafanya kazi gani? Unamrudishia mwenzio mzigo, kwamba kama umekwazika basi tatizo ni ngozi yako nyepesi.

Ila pia msizidishe. Kuna bosi anaomba msamaha kutwa, samahani kwa imeili, samahani kwa kikao, samahani kwa kuomba samahani, mpaka neno linakuwa kama kukohoa, hakuna anayelisikia tena. Sema mara moja, rekebisha, endelea.

Kuhusu hasira nitapita haraka maana mnajua wenyewe. Abraham Lincoln, rais wa Marekani, mwaka 1863, vita vya ndani vya Marekani vimepamba moto. Tarehe 13 Julai anamwandikia Generali Grant kwamba wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea. Hiyo akaituma. Kesho yake tarehe 14 anamwandikia Generali mwingine, Meade, barua ya uchungu sana kwa sababu aliliacha jeshi la adui liponyoke baada ya mapigano ya Gettysburg. Hiyo hakuituma. Ilikutwa kwenye makaratasi yake, juu ya bahasha kaandika haikutumwa wala kusainiwa. Siku mbili tu zilizofuatana. Kwa wengi wetu ingekuwa kinyume, ya hasira ingeenda saa hiyo hiyo na tiki mbili za bluu, ya nilikosea ingebaki kwenye rasimu mpaka simu iharibike.

Haya sasa, namna ya kufanya wale watano wako wakuletee habari. Mi nimejaribu vitu vingi, vingi vilikuwa upuuzi, niliwahi kuweka sanduku la maoni, baada ya miezi miwili nikakuta kuna risiti na ganda la pipi. Kilichofanya kazi ni vidogo sana mpaka naona haya kuvisema kwenye spika.

Kwanza kuuliza. Mwisho wa kikao tunasema "kuna swali?" au "tuko pamoja?", watu wanaitikia ndiooo, mnatawanyika. Hilo sio swali, ni kengele ya kutokea. Badala yake mi siku hizi nauliza, kwenye mpango huu kipi kinakutia wasiwasi? Mnaona imebadilika? Mwanzo ilikuwa kuna tatizo au hamna, sasa nimeshakubali tatizo lipo, nataka kujua lipi tu. Alafu, hii ndo sehemu ngumu, nanyamaza. Nahesabu moyoni mpaka kumi. Jaribuni, kumi ni ndefu kama sala. Ukifika nne unatamani kujibu mwenyewe. Ukifika saba kuna mtu anajikuna. Kwenye nane au tisa ndo yule asiyeongeaga anasema, mi nilikuwa nafikiria tu, sijui kama inahusu. Hapo! Hiyo "sijui kama inahusu" ishikeni, kwenye timu yangu karibu kila jambo zito limeanzia hapo.

Akishasema, sekunde mbili za kwanza ndo zinaamua kama atasema tena mwakani. Sio jibu lako, ni uso wako. Ukikunja uso, ukavuta pumzi, ukasema "lakini si tulikubaliana", umefunga duka. Mi nimejizoesha kusema asante kwanza hata kabla sijaelewa alichosema. Mwanzoni ilikuwa ya kujilazimisha, asante imekaa kama nimemeza kidonge, lakini ilinipa muda uso utulie.

Na majina. Wajue majina, na wao wajuane. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa orodha ya kukagua kabla na baada ya upasuaji, karatasi moja tu, na humo kuna kipengele kwamba kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Walipoijaribu kwenye hospitali nane, vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Bila shaka sio majina peke yake, kuna dawa, kuna kuhesabu vifaa. Ila fikiria nesi ambaye ameshatamka jina lake mle ndani mara moja, na nesi ambaye hajafungua mdomo tangu aingie. Daktari akitaka kukata upande sio, yupi ataweza kusema subiri?

Ahadi ndogo ndo zile zile, ukisema nitakujibu Alhamisi mjibu Alhamisi, hata kama jibu ni bado sijapata jibu. Sina zaidi ya hapo kwenye ahadi.

Nimalizie na hili la kuwa wewe mwenyewe, maana najua mmeambiwa sana kiongozi awe halisi, asiigize. Nakubali, ila limeanza kutumika vibaya. Mtu anafokea watu alafu anasema mi ndo nilivyo, sijui kuzunguka. Ndugu yangu, mbona ukiwa kwa mkubwa wako unajua kuzunguka? Unajua mpaka njia za mkato! Sauti yako kwa mkurugenzi na sauti yako kwa anayefagia korido, zirekodi zote mbili uzisikilize. Kama ni za watu wawili, basi mmoja wao ni igizo, na mi nadhani wewe halisi ni yule anayeongea na mfagiaji, kwa sababu pale huna sababu ya kujipanga. Huyo ndo wa kumfanyia kazi. Mi mwenyewe ni mkimya, nilihangaika miaka nikijaribu kuwa bosi mchangamfu, anayepiga watu mgongoni, ikawa inatisha, watu walikuwa wananikwepa kwenye ngazi. Nilipoacha nikabaki na ukimya wangu, ila nikaongeza kuinua kichwa mtu akija, ikatosha. Yule dada bado tunafanya kazi pamoja, sasa hivi ana timu yake, na juzi kaniletea habari mbaya ya dakika kumi na tano tu, bado ya moto, nikasema asante nikiwa nimekunja ngumi chini ya meza.

Na kuna siku... ngoja. Kule nyuma kuna mkono. Dada, umenyoosha muda mrefu? Tangu lini? Tangu kwenye ndege?

Wote mnacheka, kumbe mlikuwa mnamwona. Nimekosea, nilisema nitasimama na sikuangalia nyuma. Karibu, spika hiyo hapo, sema.